Samaki Tuliyemwacha na Magamba Yake

Baba yangu wa Igogo, shikamoo.

Bahasha niliyokutumia ilirudi bila kufunguliwa, ndiyo maana safari hii naandika wazi. Asome yeyote anayetaka. Huenda mtu akakusomea pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, ukiwa umeinamia injini ya mtumbwi, mikono yote miwili imejaa grisi, ukashindwa kuziba masikio.

Nianze na habari njema, maana ninazo nyingi na sina pa kuzimwaga. Baba, nina furaha. Nina furaha ya kijinga, ile ya kucheka peke yangu nikichambua mchele. Nikiamka hapa Mabatini nakuta Projestus ameshatoka, amewasha jiko la mkaa nje, anachemsha chai huku anaimba nyimbo za kwao Bukoba kwa sauti mbaya sana, na mimi navuta shuka mpaka puani nasikiliza kama vile ni kwaya. Akiwa kwenye cherehani ananiita "mke wangu" mbele ya wateja bila sababu yoyote. "Mke wangu, nipe mkasi." "Mke wangu, hivi leo ni Jumatano?" Mkasi uko mbele yake, na Jumatano anaijua. Anapenda tu kulitamka hilo neno, na mimi napenda kuitika.

Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyetaka kumweleza haya. Nimezoea hivyo. Mama alifariki nikiwa bado sijaanza shule, tukabaki wawili, na tangu hapo kila kitu changu kilipita kwako kwanza: hedhi yangu ya kwanza, matokeo ya kidato cha nne, hata yule kijana wa kwaya aliyeniandikia barua nikiwa kidato cha pili, ukaisoma yote kisha ukasema, "Huyu hana nia mbaya, lakini hajui kuandika." Leo nina jambo kubwa kuliko yote hayo, na nimebaki kuliandika hewani.

Unakumbuka jioni zetu? Nyumba za jirani watoto walichapwa kwa kubishana na wazazi. Mimi ulinifundisha kubishana. Tukishakula, unavuta Biblia, tunasoma sura moja kwa zamu, kisha unaifunga ukiacha kidole ndani na kusema, "Haya, swali." Nikiuliza kitu cha kichwani mwangu tu, unatikisa kidole: "Hilo umesema wewe. Leta andiko." Na kanuni ilikuwa moja, anayekosa jibu anaosha vyombo. Ndiyo maana mtaa mzima wa Igogo ulimwona mzee wa kanisa amechuchumaa nje anasugua sufuria, na Mama Neema wa nyumba ya pili akipita hakukuacha salama.

"Mzee, mtoto kakushinda tena?"

"Hajanishinda, mama. Nimeahirisha."

Ukiahirisha ulikuwa unasema "Kesho", na kesho yake jibu lilikuwepo, hata kama ulikesha nalo. Nilijua siku zote kwamba kitabu kile kwako hakina kosa, si la herufi, si la jambo. Lakini sikuwahi kukuona ukikitumia kumpiga mtu nacho. Uliogopa kukikosea, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake amshike.

Nakumbuka habari ya dagaa. Nilikuwa darasa la tatu au la nne. Tulikuwa tumesoma mahali pale panaposema samaki asiye na mapezi na magamba asiliwe. Nyumbani kwetu kambale hakuingia, hilo nililijua. Nikauliza, "Baba, na dagaa je? Dagaa wana magamba?" Umezaliwa kando ya ziwa, umekula dagaa tangu hujaota meno, na hukuwahi kujiuliza. Ukasema, "Kesho." Kesho yake ukarudi na kioo cha kukuzia ulichoazima kwa fundi saa, ukaanika dagaa wachache juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ukalala kifudifudi juani kama mtoto, kioo jichoni. Baadaye ukaniita kwa sauti ambayo sijaisahau. "Kabula! Njoo uone! Wanayo! Madogo, yanang'aa, lakini wanayo!" Ulifurahi kana kwamba Mungu mwenyewe amekupigia simu. Wiki ile tulikula dagaa kila siku.

Na ile ya nguo. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimejifunza kusoma lebo za mashati, nikakwambia shati lako la kanisani ni mchanganyiko wa nyuzi za aina mbili, na imeandikwa tusivae mchanganyiko. Ulilivua, ukaligeuza, ukasoma lebo. "Andiko limetaja sufu na kitani," ukasema. "Hapa Mwanza nani ana sufu? Kitani nimekisikia tu. Tuko salama, mwanangu." Ukalivaa, ukafunga vifungo polepole ukijisikia mshindi. Nilisugua vyombo usiku ule na sikukasirika.

Lakini kuna siku moja ninayoirudia zaidi ya zote. Ilikuwa Jumamosi, Sabato, tuko kanisani, madirisha yamefunguliwa upande wa ziwa. Mtumbwi uliokuwa unamleta mama mjamzito kutoka visiwani ulizimika injini, upepo ukaanza kuusukuma kwenye mawe. Tulimsikia yule mama akilia. Wewe ulikuwa mbele, umevaa lile shati jeupe, unafundisha somo. Uliacha neno katikati, ukatoka, ukapiga kasia mpaka kwao, ukafungua injini siku ya Sabato, mikono mpaka viwiko kwenye mafuta, na mtumbwi ukafika salama. Wazee wenzako walikuita pembeni. Jioni nami nikauliza. Ukanijibu kwamba Bwana mwenyewe aliwauliza watu kuhusu ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, kama wangemwacha humo. "Amri haikuvunjika," ulisema. "Ilikuwa na chumba cha ndani. Mimi niliingia tu."

Nilikupenda sana siku ile, Baba. Nikajua kwamba ukitafuta kwa bidii, kila amri ina chumba cha ndani.

Kisha nikampata Projestus. Nilipeleka sare ya kwaya ikapunguzwe kiunoni. Badala ya kunizungushia futi, alimwita dada wa duka la pili aje anipime, yeye akageukia ukutani na kuandika vipimo anavyotajiwa. Nilicheka mpaka futi ikaanguka. Nilipokwenda kuchukua sare nikakuta ameweka mfuko wa ndani ambao sikuuomba. "Nilikuona umekuja na Biblia ndogo mkononi," alisema. "Nikaona utachoka kuishika." Mwanamke gani angepona hapo? Niambie wewe.

Alinieleza yake siku tuliyokaa chini kuzungumza kwa mara ya kwanza, hakungoja nimpende kwanza. Aliwahi kuoa. Mke wake alimwacha akiwa kazini, akaenda Dar, akaolewa na mtu mwingine, na mahakama ikatoa talaka. "Ukitaka kuondoka, ondoka leo," alisema, "soda nitalipa." Sikuondoka. Nilikuja moja kwa moja Igogo kukueleza, kama kawaida yangu.

Ulikuwa unakaza bolti. Hukuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Ukafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ukasema, "Hilo si andiko la pembeni, Kabula. Hilo limetoka kinywani mwa Bwana mwenyewe. Anayemwoa aliyeachana na mwenzake anazini."

Tulibishana tangu mchana mpaka giza likaingia. Yalikuwa mabishano makubwa kuliko yote, na sijui kama ulijua, lakini sehemu yangu moja ilikuwa inafurahia. Nilikuja nimejiandaa. Nilitaja Injili inayosema 'isipokuwa kwa uasherati', ukanifungulia nyingine mbili zisizo na 'isipokuwa'. Nilisema amri ile ilitolewa kwa wanaume waliokuwa wanawafukuza wake zao kwa karatasi tu, mwanamke anatoka na nguo aliyovaa. Kwa hiyo ilikuwa ukuta wa kumlinda aliyeachwa. Na Projestus ndiye aliyeachwa. Inakuwaje ukuta uliojengwa kumlinda ndio unamfungia nje?

"Maneno mazuri," ulisema. "Lakini sioni palipoandikwa 'isipokuwa fundi cherehani mpole'."

Nikasema, "Baba, wewe mwenyewe unakata kipande cha kandambili unakiweka kwenye injini mahali pa mpira uliokufa. Kitabu cha ile injini kinasema hivyo?"

"Kitabu cha injini kimeandikwa na watu."

"Na hiki kiliandikwa na mikono ya watu. Paulo alikuwa na mikono."

"Na mikono ya Paulo aliishika nani?"

Nikarudi kwenye Sabato yetu. Nilikuwa nimeiweka mwisho makusudi. "Baba, basi mimi ndiye yule ng'ombe. Nimetumbukia. Nimempenda huyu mtu na siwezi kutoka. Nitoe."

Ulinitazama kwa huruma nyingi kiasi kwamba nilidhani nimeshinda. Ukasema kwa upole, "Ng'ombe hakulichagua shimo, mwanangu."

Nikaosha vyombo. Ukaja ukasimama mlangoni nyuma yangu, ukaniambia jambo ambalo nimekuwa nikilijibu kichwani tangu siku hiyo na bado halijibiki. Ulisema, "Siogopi wewe kuolewa. Naogopa hivi: nikiiacha amri moja kwa sababu inaniumiza mimi, ya pili nitakataaje kuiacha? Nani ataniambia hapa simama? Nikilegeza bolti moja kwa sababu inanichubua mkono, mashine itatikisika mpaka zote zitoke." Na mimi nikasema, bila kugeuka, "Lakini ukikaza sana, Baba, bolti inakatika." Ukajibu, "Najua."

Tulifunga ndoa bomani, kwa Mkuu wa Wilaya, maana kanisa letu lisingetufungisha, na Wakatoliki wa kwao Projestus nao wasingetufungisha. Makanisa mawili yasiyosalimiana yalikubaliana kwa mara ya kwanza, na yalichokubaliana ni kutukataa sisi. Tulicheka kwa hilo njiani, tumeshikana mikono. Gauni alilishona mwenyewe. Sitalieleza, nitalia.

Kisha tukakualika chakula cha mchana. Ulikubali, na nyumba yetu ya chumba na sebule ikageuka. Projestus alifagia mpaka nje kwenye ngazi za mawe. Aliniuliza maswali kama anakwenda mtihani: Mzee hali nini? Nguruwe hali. Kambale je? Nikamwambia Baba hali samaki asiye na magamba. Akaenda mwaloni alfajiri, akarudi na sato mkubwa, mzuri, mnene kama goti. Nikachukua kisu nimparue. Akanishika mkono.

"Usimparue."

"Kwa nini?"

"Baba mkwe akimkuta hana magamba, atajuaje kama alikuwa nayo?"

Baba, nilikaa chini sakafuni kwa kucheka. Nikamwambia sato anajulikana hata na vipofu wa Mwanza. Akasema, "Najua anajulikana. Lakini siku ya kwanza nisingependa abaki na shaka hata chembe." Na macho yake yalikuwa makini kabisa. Nikaacha kucheka. Akampika hivyo hivyo, mzima, na ndizi za kwao na nyanya, magamba yakabanduka yakaelea kwenye mchuzi kama vifungo vya shati. Ilikuwa sura ya ajabu. Lakini mimi niliona upendo tu umejaa kwenye lile bakuli, na nikawa na uhakika kwamba mtu aliyelala juani na kioo kutafuta magamba ya dagaa hawezi kumkataa mtu aliyeacha magamba ya sato ili yaonekane.

Ulipiga hodi. Nikasema karibu Baba, karibu ndani. Projestus akaja ameinama, akakupa mikono miwili. "Shikamoo Baba."

"Marahaba, kijana."

Hukuvua viatu. Ulisimama kizingitini, kofia mkononi, ukatazama meza. Ukatazama tena.

"Huyo samaki hamkumparua?"

"Ndiyo Baba," akasema Projestus. "Nimemwacha hivyo ili uone."

Mabega yako yalitikisika. Nilikuona. Uliuma mdomo kama unavyofanya kanisani mtoto akijamba. Nikawaza, amecheka, basi ameingia. Ukasema, "Mume wako anajua kutii, Kabula." Ulisema mume wako. Kwa hesabu ya andiko lako yeye si mume wangu, lakini kinywa chako kilisema hivyo, na sidhani ulijisikia.

Halafu ukasema lililobaki. Kwamba mtume aliagiza ndugu anayeishi katika jambo la namna ile wasichangamane naye, hata kula wasile naye. Ulilisema kwa upole, kama daktari. "Nimetafuta, mwanangu. Mwezi mzima nimesoma nikitafuta pa kupita. Kusalimiana hakujakatazwa. Kukuombea hakujakatazwa. Ukiugua nitakuja. Lakini kula kumetajwa kwa jina." Nikakwambia, "Baba, ni samaki tu." Ukajibu, "Ingekuwa mimi ndiye niliyeandika, ningekuwa nimeshakaa. Lakini sikuandika mimi."

Ukavaa kofia, ukashuka ngazi za mawe ukishika ukuta, maana goti lako halijapona. Sikujua kama nikukimbilie nikushike mkono au nisimame.

Projestus alikaa mezani. Akauliza, "Au chumvi ilizidi?" Alijua si chumvi. Alitaka tu pawe na mtu anayesema kitu. Tukamla yule samaki wawili, tunatema magamba pembeni ya sahani, mimi nalia, yeye ananichagulia minofu isiyo na mifupa.

Watu wananiambia nisubiri. Mama Neema ananiambia moyo wa mzazi ni laini, mjukuu akizaliwa mzee atakuja mwenyewe mbio. Naitikia kwa heshima, lakini moyoni najua hawakujui. Ungekuwa mnafiki, Baba, ningekuwa na tumaini. Mnafiki hulainika. Kuna wazee wenzako pale kanisani waliolipigia kelele suala langu kuliko wewe, na naamini yeyote kati yao angekuja kula kama binti angekuwa wake. Wewe hukupiga kelele. Wewe ulisoma mwezi mzima ukinitafutia nafasi, na ulipoikosa ulikuja mwenyewe kuniambia usoni. Mtu wa namna hiyo nitamngojea abadilike kwa lipi? Nikitamani ubadilike, natamani uwe mtu mwingine, na baba ninayemlilia si huyo mwingine.

Nimejaribu hata kukuchukia. Nimeshindwa. Kinachoniuma zaidi wala si kukosa baraka zako. Nimekosa mtu wa kubishana naye. Jioni nasoma sura, nafunga kitabu kidole kikiwa ndani, namwambia Projestus, "Haya, swali." Anafikiri kidogo, anasema, "Mimi nakubaliana nayo yote." Nikimpinga ananikubalia. Nikijipinga mwenyewe ananikubalia pia. "Wewe ndiye unayejua, mke wangu." Halafu anaosha vyombo, bila kushindwa chochote! Nampenda mpaka nashindwa kupumua, na katikati ya huo upendo nasikia njaa ya mtu aniambie nimekosea.

Juzi Shangazi amekuja, dada yako. Alileta michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kitambaa, akakaa, akanywa chai vikombe viwili. Nilimwuliza kama haogopi kula na sisi. "Mimi kusoma sijui," akasema, "kwa hiyo nakunywa chai." Kisha akanipa ujumbe wako. Alikuwa ameukariri, hakuongeza wala hakupunguza, nilisikia sauti yako kabisa. Kwamba chumba changu hujakipangisha. Kwamba nikirudi peke yangu, siku yoyote, saa yoyote, hutaniuliza neno lolote, utanipokea siku hiyo hiyo, na tutakaa mezani kama zamani.

Projestus alikuwa kwenye cherehani. Miguu yake ilisimama. Hakugeuka. Kisha cherehani ikaendelea, polepole, na nilipoangalia baadaye nikakuta alikuwa anashona mahali ambapo hapakuwa na kitambaa, uzi mtupu.

Shangazi alisema atarudi kuchukua jibu. Nikamwambia asihangaike, jibu nitaliandika. Hili ndilo.

Hapana, Baba. Mpangishie mtu chumba.

Sirudi peke yangu. Nilitoa neno pale bomani mbele ya watu, na aliyenilea nikijua kwamba neno halipunguzwi ni wewe. Unavyolishika lako ndivyo ninavyolishika langu, na sasa tumeshikilia wote wawili, kila mtu upande wake. Usinisubiri. Najua Jumamosi baada ya ibada unakaa kwenye benchi la nje ukitazama njia inayotoka Mabatini, Shangazi kaniambia, ingawa ulimkataza. Acha. Goti lako halipendi lile benchi. Na mimi nimeacha kuweka sikio mlangoni nikisikia mtu anapanda ngazi.

Nimewaza haya yataishaje. Nikitangulia mimi, najua utakuja. Utanizika kwa heshima, utampa Projestus mkono, utaomba kwa sauti ile ambayo kanisa zima huinua vichwa kuisikiliza, na watu wakianza kugawiwa chakula utachukua kofia yako, utarudi Igogo na njaa. Ukitangulia wewe, nitakuja na mume wangu. Atabeba jeneza pamoja na wanaume wengine, hakuna atakayemkataza. Tukitoka makaburini, wanawake watapakua wali na maharage, na Shangazi ataniita ndani, atanikalisha mkekani sebuleni kwako, ataniwekea sahani mapajani. Nitakula nyumbani kwako, Baba. Hakuna andiko litakalovunjika, kwa sababu hutakuwepo.

Hicho ndicho chakula pekee kilichobaki kati yetu. Naomba kichelewe sana.

Kaa salama, na goti lako ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi binti yako, mke wa Projestus.